Mtoto wa Meza

Siku ya tatu baada ya kutolewa mtoto wa jicho, Bi Mahbuba alivuliwa kifuniko cha plastiki, akalitazama zulia, akaitazama saa ya ukutani, kisha akamkazia macho mdogo wake Bakhita mpaka Bakhita akaona haya.

"Kumbe umezeeka hivi!" alisema. "Na mimi miezi mitano yote hii nakuona kijana, nakuonea kijicho."

"Kijicho si ndicho walichokutoa, dada?" Bakhita akamjibu.

Malak, mjukuu wa Bi Mahbuba, ndiye aliyewarudisha kwa gari kutoka hospitali. Alicheka mpaka akaweka mkoba chini. "Na mimi je, bibi? Unanionaje?"

"Wewe nyusi hizo umechorwa na nani? Mwambie akurejeshee za Mungu."

Hata Namubiru, msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi pale nyumbani, alicheka. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa na tende. Bi Mahbuba akamgeukia na yeye. "Namubiru! Kumbe una mwanya mzuri namna hiyo?"

"Ninao siku zote, mama. Wewe ndiyo umechelewa kuuona."

Wakanywa kahawa. Nyumba yao iko Hamriya, Maskati, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa na duka la vyombo, na siku hiyo Bi Mahbuba alikwenda dirishani akasoma mabango ya maduka ya ng'ambo moja moja kwa sauti, kama mtoto wa chuoni anayemsomea mwalimu. Alipomaliza akarudi kitini, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema:

"Haya. Sasa nnaona. Bakhita, nletee daftari la mama."

Bakhita alikuwa na tende mkononi. Akairudisha sahanini.

"Daktari kasema usisome mpaka wiki ipite," alisema.

"Kweli, bibi, kasema," Malak akaongeza, hajui anamsaidia nani.

"Basi Alkhamisi," alisema Bi Mahbuba. "Nimengoja miaka sitini, siku nne hazinitoi roho. Alkhamisi baada ya alasiri, nnaoga, nnavaa, nnakaa hapa. Unanletea."

"Inshaallah," Bakhita alisema, na alilisema neno hilo kwa namna ambayo mtu hatakiwi kulisema.

Maana daftari hilo halikuwapo. Lilikuwa halipo miaka kumi na mitano, na aliyelipoteza ni yeye, kwa mkono wake na kwa kalamu yake, kule Amerika, katika maktaba ya umma aliyoifanyia kazi maisha yake yote.

Daftari lenyewe lilikuwa na habari ya mtoto. Bi Mahbuba alipokuwa na miaka kumi na minane, kwao Unguja, alijifungua binti, uzazi wake wa kwanza. Yule binti akapewa jina la Thuwaiba. Lakini homa ya uzazi ilimkamata Mahbuba usiku ule ule aliozaa, akalala hajitambui siku kumi na moja, anachomwa sindano na kukandwa maji, hajui asubuhi wala jioni. Mama yao alikuwa akimlea mtoto huku, na kumuuguza mama wa mtoto kule. Kila siku alipopata nafasi alichukua daftari akaandika, kwa Kiswahili chetu lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika watu wa zama zake: leo mtoto kafanya hivi, leo kalia hivi, leo kalala hivi. Aliandika ili Mahbuba akizindukana asiwe amekosa kitu. Siku ya tisa mtoto akafa. Mahbuba alipofungua macho, Thuwaiba alikuwa kaburini siku tatu.

Hakumuona. Hilo ndilo jambo. Alimzaa, na hakumuona hata mara moja akiwa na akili yake.

Mama alimpa daftari. Mahbuba akajifunika kanga uso mzima, akasema, "Liondoe." Mwaka wa pili mama akamjaribu tena, akakataa. Alizaa wanne wengine, wakakua, wote wakahamia Maskati, na mama pamoja nao, na kila mama alipolitaja lile daftari Mahbuba alitoka chumbani. Mwisho mama aliona bora likae mbali, akampelekea Bakhita Amerika, na barua juu yake.

Sasa Bi Mahbuba alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na tisa, mume amekwisha kufa, na siku ile Bakhita aliporudi kuhamia kwake, jambo la kwanza alilomwambia uwanja wa ndege, kabla hata ya kumuuliza safari, lilikuwa: "Umenletea la mama? Sasa naweza."

Bakhita alisema makasha bado yapo baharini. Makasha yalipofika, alisema yako stoo, yamefungwa vibaya. Yalipofunguliwa, alisema karatasi zina vumbi na jicho lako halitaki vumbi. Kila uwongo ulikuwa mdogo, wa kumfikisha kesho tu.

Na huyu ni mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutosema uwongo wa namna hiyo.

Bakhita alikwenda Amerika mwaka sabini na tano pamoja na mumewe Suud, aliyekuwa akisomea uhandisi katika mji mdogo wa jimbo la Ohio. Baridi ya kule hakuwahi kuiota. Siku moja alitoka kununua maziwa, vidole vikamfa ganzi, akaingia mlango wa kwanza aliouona una joto. Kulikuwa na meza ndefu, taa za kijani, na watu wamekaa kimya kila mmoja na kitabu chake. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye miwani ya mnyororo akamuuliza anatafuta nini. Bakhita kwa Kiingereza chake cha skuli akasema hatafuti kitu. Yule bibi akasema, "Basi kaa, kikikujia utanambia." Akakaa mpaka jioni. Kesho yake akarudi.

Baada ya mwezi alikuwa akiwasaidia kurudisha vitabu kwenye rafu zake. Baada ya mwaka walimwajiri. Akasoma kozi za kazi ile jioni jioni, akapata shahada, akakaa miaka thelathini na tisa, na kumi na miwili ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa maktaba nzima.

Aliipenda kazi ile mpaka vitu vyake vidogo. Alipenda muhuri wa tarehe na ule mlio wake, tak, tak. Alipenda yale makabati makubwa ya kadi, mamia ya watoto wa meza wadogo wadogo wamepangwa kwa herufi, kila mmoja na kipete chake cha shaba, ukimvuta anakuja mrefu kama mkono. Alipenda Jumamosi asubuhi watoto wanapokaa chini kwenye mkeka akawasomea hadithi, wakimwita Misi Bakita, maana ile kha iliwashinda wote. Aliwajua wazee waliokuwa wakija wakati wa theluji kuota joto, na mmoja wao akilishika gazeti juu chini. Alijua kwamba hajui kusoma, na kila akipita alikuwa akisimama kidogo na kusema, kama anajisemea, "Leo wameandika kwamba kesho jua," ili mzee wa watu apate cha kusimulia kwake. Suud alipofariki, watu wa mji ule walijaa nyumbani kwake na sahani za vyakula wasivyojua kama Mwislamu huvila, wakiuliza mlangoni kimoja kimoja. Watoto hawakujaaliwa. Maktaba ndiyo ilikuwa nyumba yake.

Na alikuwa na sharti moja. Kila mfanyakazi mpya alimwambia hivi: mtu akikuuliza kitabu, usimwambie hakipo ukiwa umekaa. Inuka. Nenda mpaka kwenye rafu, tia mkono pale mahali pake, gusa ule mwanya. Ukirudi ndipo useme hakipo. Maana mtu huyo pengine ametoka mbali, na neno hilo ni zito.

Barua ya mama ilikuja mwaka tisini na moja, pamoja na daftari, limefungwa ndani ya kanga kuukuu. Ilikuwa fupi. Mama alikuwa haandiki maneno mengi. Bakhita alikuwa hajaisoma herufi ya Kiarabu siku nyingi, isipokuwa msahafu, akaisoma kwa taabu, neno kwa neno: daftari hili la dada yako, liweke maktabani kwako, mpaka mwenyewe atakapolitaka.

Maktabani kwako! Alilia kwa furaha. Mama, ambaye hakuwahi kuifahamu kazi yake, ambaye kila simu alikuwa akimuuliza, "Bado unauza vile vitabu?", leo amefahamu na anampa daftari lake akaliweke maktabani. Na lile neno la mwisho, mpaka mwenyewe atakapolitaka, aliliona ndiyo kazi yenyewe ilivyo: kitabu kinakaa kwenye rafu miaka na miaka, kinamngoja mwenyewe.

Akalipeleka. Akalikalia mezani alijazie kadi. Jina la mwandishi, mama yake. Kurasa, themanini na nne. Wino mweusi. Lugha. Hapo akasita kidogo. Orodha ya lugha waliyokuwa nayo ilitaka neno moja, na herufi zilikuwa za Kiarabu. Akaandika: Kiarabu. Akasema atakuja kulirekebisha.

Siku ile aliyafungua majani ya kwanza akasoma kidogo, kwa kidole, kama mtu anayepita gizani. Akakuta mama ameandika kwamba leo mtoto kapiga chafya tatu mfululizo, kisha akakunja uso kama aliyekasirika, na mama akacheka peke yake, na akaona aibu kucheka ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Bakhita naye akacheka. Kisha mtu mmoja akaja mezani akiuliza fomu za kodi, akalifunga daftari akainuka. Alisema atalisoma lote siku ya mapumziko.

Hakulisoma. Siku za mapumziko zilikuwa nyingi, na hakulisoma.

Katika maktaba za kule ipo kazi wenyewe wanaiita kupalilia. Kila mwaka vitabu visivyoazimwa vinatolewa kwenye rafu ili vipya vipate nafasi, kama unavyong'oa majani shambani. Vinapigwa muhuri mwekundu, vinatiwa makashani, gari linakuja linavichukua kwenda kusagwa viwe karatasi mpya. Mwaka wa kumi na nane tangu daftari liwekwe pale, kijana mmoja mfanyakazi alilikuta katika rafu ya lugha za kigeni. Halijaazimwa hata mara moja tangu liingie. Kwa uangalifu wake alimwonyesha mwanafunzi Mwarabu aliyekuwa akija kusoma pale. Yule mwanafunzi akalipekua, akatikisa kichwa. Akasema hiki si Kiarabu, haya ni maneno yasiyo maana, labda mtu alikuwa akijifunza kuandika.

Na yule mwanafunzi hakukosea. Kiarabu hakikuwa.

Likatiwa kwenye orodha. Orodha ilikuwa na vitabu mia mbili na kumi na viwili, ikaletwa mezani kwa mkuu jioni, koti amekwisha kulivaa. Bakhita aliitia saini akiwa amesimama. Hakwenda kwenye rafu, hakutia mkono mahali popote. Miezi miwili baadaye alikuja mgeni kutoka chuo kikuu, akataka kumwonyesha la mama kwa fahari, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye rafu, akatia mkono, akaugusa mwanya.

Hakumwambia mtu. Mama alikuwa ameshakufa, na Mahbuba alikuwa hataki kulisikia. Bakhita alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Walipomuaga siku ya kustaafu walimsifu kwa hotuba tatu, wakampa ule muhuri wa tarehe wa zamani ndani ya kijisanduku cha kioo, na yeye alisimama pale anatabasamu na anafikiri mwanya mmoja tu.

Basi sasa zilibaki siku nne.

Asubuhi ya Jumatatu Bakhita alivaa abaya akashuka. Mtaa wa pili kulikuwa na duka la madaftari na kalamu, na juu ya mlango bango limeandikwa kwa Kiarabu: Maktaba. Huku ndivyo wanavyoliita duka la namna hiyo. Alilisoma lile bango, akasimama kidogo, kisha akaingia. Alimuuliza muuzaji kama ana daftari la zamani, jalada gumu, karatasi isiwe nyeupe sana. Muuzaji, Mhindi mwenye subira, akapanda ngazi akamshushia moja lenye vumbi lililokuwa juu tangu enzi za nani sijui.

Mkono wa Bakhita ulikuwa mkono wa mama. Mama ndiye aliyemfundisha kuandika, amemshika vidole, kwa hivyo ile herufi ya nun yao ilikuwa na tumbo moja, na ile kaf ilikuwa na shingo moja. Alijifungia chumbani Jumatatu na Jumanne, adhuhuri mpaka alasiri wakati dada yake amelala, akaandika siku tisa za Thuwaiba. Aliandika polepole na kwa usafi. Kila neno alilitia alama za irabu zake, fatha juu kwa a na kasra chini kwa i, asije dada yake na jicho jipya akababaika. Alimpa mtoto nywele nyingi. Alimpa ngumi iliyofumbwa kwenye kidole cha bibi yake. Alimpa usiku mmoja wa kulia sana na usiku mmoja wa kulala. Siku ya pili akaandika ile ya chafya. Siku ya tisa aliandika mistari mitatu tu, akashindwa, akaiacha hivyo hivyo.

Jumatano alichemsha chai ya rangi nzito, akazipaka karatasi kwa pamba, akapanda nazo juu ya paa kuzianika. Namubiru alikuwa huko na nguo.

"Mama Bakhita, unaanika karatasi?"

"Zimemwagikiwa chai."

Namubiru akatazama kurasa zilivyopangwa, kila moja na kibanio chake. "Zote? Moja moja?" Akacheka. "Madamu wangu wa kwanza alikuwa anaanika samaki hapa Maskati. Wewe unaanika karatasi. Hii nyumba ina elimu, wallahi." Kisha akamwona uso wake, akaacha kucheka. "Lete, mama, nikushikie hii, upepo utaibeba."

Akamshikia. Bakhita alikuwa akitazama mkono wa yule msichana juu ya karatasi, unashika uwongo kwa uangalifu kama unashika kitu cha kweli.

Alkhamisi ikafika. Bi Mahbuba alioga, akavaa nguo yake ya Idi, akajifukiza udi mpaka ngazi zote zikanukia. Alimwambia Namubiru afunge mlango wa jikoni na asipokee simu. Akakaa kiti cha dirishani, akatandaza kitambaa cheupe mapajani, kama anayepewa mtoto kumpakata.

Bakhita akamwekea daftari juu ya kile kitambaa.

Bi Mahbuba hakulifungua mara moja. Alilipapasa jalada. "Nilidhani ni dogo zaidi," alisema. Kisha akasema bismillahi, akafungua, akaweka kidole, akaanza kusoma kwa sauti.

"Siku ya kwanza. Mtoto kazaliwa alfajiri, mzima, ana nywele nyingi, nyeusi..." Akainua uso. Macho yalikuwa yanang'aa. "Nywele nyingi, Bakhita! Kama Malak alivyozaliwa! Nikisema mimi, Malak kachukua wapi nywele zile!"

"Ndiyo, dada."

"Siku ya pili. Leo mtoto kapiga chafya tatu, moja baada ya moja, kisha kakunja uso..." Alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. "Kakasirika! Ana siku mbili duniani na kashakasirika. Huyo wangu."

Akasoma siku ya tatu. Katikati ya siku ya nne kidole chake kikaanza kwenda polepole. Kikasimama. Kikarudi juu, mpaka mstari wa kwanza. Akalisogeza daftari karibu na jicho lililotibiwa, akaliinamisha kwenye mwanga.

"Bakhita."

"Labeka, dada."

"Hizi irabu katia nani?"

Bakhita akainama kuutazama ukurasa.

"Mama hakutia irabu hata siku moja katika maisha yake," alisema Bi Mahbuba, bado anatazama ukurasa. "Baba akimgombeza. Akimwambia, barua zako mtu azisome vipi? Na yeye akisema, asiyeweza kuzisoma hivyo, basi hazikumhusu. Umesahau?" Akanusa karatasi. "Na hii ni chai."

Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi. Bi Mahbuba akalifunga daftari, akaweka mikono juu yake.

"La mama liko wapi?"

Bakhita alikuwa amekaa. Akainuka, maana hakuweza kulisema neno lile kwa kukaa.

"Halipo, dada."

Akamweleza. Hakuacha kitu: kadi, lile neno Kiarabu, yule mwanafunzi, orodha, koti, saini. Bi Mahbuba alisikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Alipouliza, aliuliza jambo ambalo Bakhita hakulitegemea.

"Ulilipelekea nini maktaba?"

"Mama kaniandikia. Liweke maktabani kwako."

"Maktabani?" Bi Mahbuba akamtazama kama anayemtazama mtu asiye na akili. "Maktabini! Mama tangu tuje huku, meza ya kuandikia akiiita maktab, kama wanavyosema wenyewe. Alipoiandika barua ile nilikuwa nimekaa naye, siku hiyo tu sikutoka chumbani! Kaniambia, nimemwambia Bakhita alitie maktabini kwake, alifungie katika mtoto wa meza, mpaka wewe mwenyewe utakapolitaka. Maktabini, Bakhita. Nani kakwambia maktabani?"

Hakuna aliyemwambia. Bakhita akaiona ile barua mbele ya macho yake, mim, kaf, ta, ba, nun, ya, zote hazina alama ya irabu juu wala chini. Fatha juu ya ba alikuwa ameitia mwenyewe. Aliitia pale alipotaka iwe. Nyumbani kwake kule Ohio kulikuwa na meza, na meza ile ilikuwa na mtoto mwenye kufuli na ufunguo, na miaka yote ile ndani yake hamkuwa na kitu ila bahasha tupu na mipira ya kufungia karatasi.

"Nisamehe, dada."

Bi Mahbuba alitazama dirishani. Kisha akasema, "Katika haya uliyoyaandika, liko la kweli?"

"Moja."

"Lipi?"

"La chafya. Hilo nililisoma kwa mama. Kaandika chafya tatu, na kakunja uso, na yeye akacheka akaona aibu. Hilo tu ndilo nilikumbukalo."

"Ilikuwa siku ya pili?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Sijui siku ya ngapi," alisema Bakhita. "Siku ya pili nimeitia mimi."

"Na nywele?"

"Nimezitia mimi."

Bi Mahbuba akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Ulikuwa unaweza kulisoma," alisema. "Mimi nilikuwa siwezi. Wewe ulikuwa unaweza, na lilikuwa mkononi mwako miaka kumi na minane." Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote, "Na mimi nililikataa thelathini kabla yako. Basi tumegawana." Akanyoosha mkono. "Nletee mkasi."

Bakhita akamletea ule mkasi wa kushonea. Bi Mahbuba akafungua siku ya pili, akakata, kwa utulivu, mstari baada ya mstari, mpaka kikabaki mkononi mwake kikaratasi kirefu chembamba chenye chafya tatu. Akakikunja mara mbili. Akainuka, akaenda kwenye meza ya Malak iliyokuwa pembeni, akamvuta mtoto wa meza, akakitia ndani, akamsukuma. Lile daftari lililobaki akamrudishia Bakhita.

"Haya ni yako," alisema.

Hakumsemesha Ijumaa. Hakumsemesha Jumamosi, ila kumwambia chumvi iko wapi. Bakhita alikuwa akiamka, anasali, anakunja nguo, anakaa. Alimwona dada yake mara mbili akimvuta yule mtoto wa meza kidogo, si kukitoa kikaratasi, ila kuona tu kama bado kipo, kisha akamrudisha. Alitamani kumwambia kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, kuinuka na kwenda kutazama. Hakuthubutu.

Jumapili adhuhuri walikuwa wamekaa sebuleni, huyu upande huu na yule upande ule, hawasemi. Jikoni Namubiru alikuwa akikaanga pilipili, mvuke wake mkali ukaingia mpaka ndani. Wakamsikia akipiga chafya. Kwa nguvu, kama kawaida yake.

Akapiga ya pili.

Bi Mahbuba akainua kichwa. Bakhita naye akainua. Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi, wazee wawili, wanangoja ya tatu.

Jikoni kijiko kikagonga sufuria. Maji yakafunguliwa bombani, yakafungwa.

"Namubiru!" Bi Mahbuba akaita mwishowe. "Ndiyo basi?"

"Nini mama?"

Wakabaki wanatazama mlango wa jikoni, wote wawili.